Mkono wa Mama Kwenye Lori la Sabuni

Saa ya chakula cha mchana, ukumbi wa chini wa jengo lile huwa kama sokoni. Wanaoshuka wana njaa, wanaopanda wamechelewa, na kati ya lifti mbili zilizopo, moja lazima igome. Siku hiyo iligoma ya kushoto. Ilisimama katikati ya ghorofa, na ndani yake mlikuwa na msichana mmoja na maboksi yaliyopangwa mpaka karibu na dari.

Fundi wa lifti akaja na sanduku lake la vifaa. Alikuwa kijana mrefu, na ovaroli yake ya bluu ilipigwa pasi vizuri kuliko suti za wengi waliokuwa wakinung'unika pale ukumbini. Akagonga mlango wa chuma kwa adabu, kama mtu aliyefika ukweni.

"Hodi humo. Mko wangapi?"

"Niko mimi na fulana za kampuni."

"Hizo fulana zina uzito gani?"

"Sijui. Nitoe kwanza, tutazipima baadaye."

"Dada, hii ni lifti. Lori liko nje."

Waliokuwa wakisubiri wakacheka, na yeye mwenyewe akasikika akicheka huko ndani. Mlango ulipofunguliwa alikutwa amekaa juu ya boksi, viatu kavua, gauni lake la manjano limeshikwa na mkanda mweusi kiunoni, anajipepea na fulana mpya. Hakuwa na haraka ya kutoka. Aliuliza kama kuanzia sasa apande ngazi, na fundi akamwambia hapana, ila ajifunze kuishi na lifti.

"Milango ikitaka kufunga na wewe bado una mizigo, usisukume, usipige teke. Weka mkono katikati. Itafunguka yenyewe."

"Na ikiondoka na mkono wangu?"

"Nitakupa wangu."

Alimsaidia kubeba maboksi hadi kwenye gari, naye akamlipa fulana moja. Ilikuwa nyeupe, imeandikwa kifuani *Tunajali*. Fundi akauliza ni akina nani hao wanaojali. Msichana akaeleza kwamba anafanya kazi kampuni ya sabuni, ghorofa za juu, ofisi ya huduma kwa jamii. Wanatoa madawati, wanapanda miti, na kila mwaka wanagharamia upasuaji wa macho kwa watu wenye mtoto wa jicho.

"Kwa hiyo kazi yako ni kugawa."

"Kugawa, na kuhakikisha tumepigwa picha tukigawa."

Alisema hivyo kwa utani, na wote wawili wakacheka. Kuanzia siku hiyo akaitwa Fulana. Naye fundi akabaki Fundi, maana hakuna jina jingine lililomkaa vizuri zaidi.

Simu zikaanza. Fundi alipiga asubuhi kabla hajaingia kwenye mashimo ya lifti ambako mtandao haufiki. Fulana alipiga jioni, akiwa kwenye foleni ya mkate.

"Fulana, leo umekwama wapi?"

"Moyoni mwa mtu."

"Mtaje nikamfungue."

"Usimfungue. Humu ndani kuna hewa ya kutosha."

Ilikuwa mapenzi ya watu wanaofanya kazi. Walikutana kwenye viti vya plastiki nje ya duka la soda, yeye na gauni la ofisi, kijana ana alama ya grisi kwenye kiwiko ambayo sabuni ya kampuni yoyote haikuwahi kuitoa. Walipanga mambo yao waziwazi: mwaka ujao kuposa, na ndoa baada ya hapo. Jambo moja tu lilisimama mbele yao, nalo lilikuwa jicho la mama yake Fundi.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani. Alikuwa mjane. Alipofiwa, majirani walimletea chakula kwenye sufuria, na matanga yalipoisha alirudisha kila sufuria ikiwa imejaa kama ilivyokuja. Kuanzia hapo watu walielewa kwamba huyu mama hapewi kitu bure. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara, mlango wazi kutwa, na kwa miaka mingi hakuna harusi mtaani hapo iliyofanyika bila mkasi wake kupita.

Sasa jicho la kulia lilikuwa limefunikwa na ukungu, na la kushoto lilianza kufuata. Kushona aliweza, kwa sababu mikono yake iliijua njia. Kutunga uzi kwenye sindano ndiko kulikomshinda. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuvaa ovaroli, Fundi alimtungia sindano za rangi zote, akazichomeka kwenye mto mdogo karibu na cherehani. Kazi ikizidi na sindano zikiisha kabla ya jioni, Mama Cherehani alifunga duka na kuwaambia wateja kwamba amechoka.

Fulana alipoletwa nyumbani mara ya kwanza, hakuulizwa ukoo wala elimu. Aliambiwa akae na atunge sindano. Akatunga. Mama akazipapasa moja moja, akasema huyu uzi wake anauacha mrefu, ni mtu mvumilivu. Kuanzia hapo Jumapili zikawa za Fulana. Walikaa wanawake wawili wanawasema watu wa televisheni, na Fundi akijipenyeza kwenye mazungumzo alitumwa maji.

Jumapili moja Fulana akaleta habari ya upasuaji. Kampuni inaweka kambi ya macho, madaktari wazuri, na yeye anaweza kumwingiza Mama. Fundi alikuwa akijiandaa kugharamia mwenyewe, lakini jicho la kushoto halikuwa linamsubiri. Mama alisimamisha cherehani.

"Huo ni msaada wa kampuni, au ni zawadi yako?"

Hapo ndipo Fulana angetakiwa kusema ukweli wote, kwamba ni vyote viwili, na kwamba kampuni haitoi kitu bila kamera. Hakusema. Alimtazama mama yule akipapasa kitambaa kutafuta upindo, akaona jibu fupi litamfikisha hospitali haraka.

"Ni zawadi yangu, Mama."

"Ya mkwe sikatai," alisema Mama, na cherehani ikaendelea.

Siku ya kambi, tenti la wageni lilikuwa kubwa kuliko chumba cha upasuaji. Palikuwa na spika, viti vilivyovishwa vitambaa, na wagonjwa wote waligawiwa fulana za *Tunajali* wavae juu ya nguo zao. Mama Cherehani aliikunja yake vizuri akaiweka kwenye mkoba. Alikuwa amevaa gauni la zambarau alilolishona mwenyewe, lenye kola ya duara, akasema halijaharibika kiasi cha kufunikwa. Fulana hakumlazimisha. Alikuwa anakimbia huku na huko tangu alfajiri.

Kesho yake ndipo bandeji zilipotolewa. Muuguzi akafungua taratibu, akamwambia Mama afumbue jicho bila haraka. Fundi hakuwepo. Alikuwa kwenye lifti ya hospitali nyingine upande wa pili wa mji. Aliyekuwa amesimama mbele ni Fulana, aliyeivaa blauzi yake gizani alfajiri ile, mikono mdomoni, anaomba kimoyomoyo.

Mama akafumbua. Akapepesa. Akamtazama Fulana kutoka juu mpaka chini, na kitu cha kwanza alichokiona kwa jicho lake jipya kikamchekesha mpaka machozi.

"Mwanangu, vifungo umevikosea. Umetembea hivyo toka asubuhi?"

Akanyoosha mkono, akaishika kola ya Fulana, akaanza kufungua kifungo cha juu ili akirudishe kwenye tundu lake. Alikuwa anacheka kwa meno yote. Fulana naye anacheka na kulia kwa pamoja. Pembeni, mpiga picha wa kampuni akabonyeza.

Ilikuwa picha nzuri mno. Jioni Meneja wa ofisi yake aliitazama kwenye kompyuta, akaikuza, akaitazama tena. Aliuliza mama huyu ni nani, na kama kuna shida picha ikitumika.

"Ni mama mkwe wangu mtarajiwa," alisema Fulana kwa fahari. "Hana neno."

Alidhani itawekwa kwenye jarida la kampuni, pamoja na picha nyingine ndogondogo. Hakuuliza itawekwa wapi. Na Mama mwenyewe, Fulana hakumuuliza kabisa. Siku zile zote alizokwenda kumtilia dawa ya jicho, wakicheka, Mama akijitungia sindano mwenyewe na kumwonyesha kama mtoto anayejua kuandika jina lake, Fulana hakuitaja picha ile. Si kwamba alificha. Aliona ni jambo dogo baina ya watu wa nyumba moja.

Lori la sabuni lilikuja mtaani asubuhi ya kawaida. Likasimama mbele ya duka la jumla, ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wa Mama Cherehani. Yeye alikuwa mlangoni anapima kitambaa kwa mwanga wa jua, jicho lake linaona mpaka mwisho wa barabara. Akajiona.

Alikuwa mkubwa kama nyumba. Kichwa chake, gauni lake la zambarau, kicheko chake, na mkono wake ulionyooshwa mbele. Fulana hakuwepo. Picha ilikuwa imekatwa pale vidole vilipoanzia kuigusa kola, na palipokuwa na kola pakawekwa nembo ya kampuni. Chini yake paliandikwa kwa herufi nene: *Alinyoosha mkono. Tukamshika.*

Wapakuaji wakaendelea kushusha katoni. Mteja aliyekuwa ameleta sare za watoto akatazama lori, akamtazama Mama, akasema pole, hakujua kama hali ilikuwa mbaya kiasi hicho. Mchana akaja jirani kuomba aunganishwe na yeye huko kunakotolewa vitu. Jioni watoto wakawa wanamwita Mama Lori. Fundi aliporudi alikuta cherehani imefunikwa shuka na mlango wa barabarani umefungwa, jua bado lipo.

Mama hakulia. Alisema neno moja tu, kwamba katika maisha yake hajawahi kumnyooshea mtu mkono. Fundi alitoka nje, watoto wakamweleza habari ya lori, akalifuata mpaka kituo cha mafuta lilikolala, akalitazama vizuri. Kisha akampigia Fulana.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Fundi, na mimi nimeliona leo. Nisikilize. Ile picha wameikata, Mama alikuwa ananifunga—"

"Nimeuliza nani alikupa ruhusa."

"Sikumuuliza," alisema Fulana. "Nilijua hatakataa."

"Umeanza lini kumsemea mama yangu?"

"Tangu aliponiita mwanangu."

"Basi usije tena nyumbani. Na usimpigie."

"Nimkosee mimi halafu uniombee radhi wewe? Niache nije nimwambie mwenyewe."

"Umeshamfanyia ya kutosha."

Akakata simu. Ilipoita tena hakuipokea, wala siku iliyofuata, wala juma lililofuata. Alikuwa mtoto mwema anayemlinda mama yake, na watu wa namna hiyo wakikasirika hukasirika kwa roho safi kabisa. Ndiyo maana hawajiulizi mara mbili.

Jumapili Mama aliuliza Fulana yuko wapi. Fundi akajibu ana kazi nyingi ofisini. Jumapili nyingine akajibu hivyo hivyo. Hakutaka jina lile litajwe, kwa kuogopa kumtonesha. Mama naye akaona mwanawe hataki kulitaja, akadhani wamegombana kwa mambo yao ya ujana. Habari ya lori haikuzungumzwa tena ndani ya nyumba ile. Mama hakueleza mkono wake ulikuwa unafanya nini siku ile, kwa sababu alidhani mwanawe anajua. Fundi hakuuliza, kwa sababu alidhani ameshajionea kwenye lori.

Fulana upande wake hakukaa kimya. Alimwendea Meneja akamtaka afute picha kwenye malori. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alisema amesikitika, kisha akaeleza kwamba malori yameshapakwa, yametawanyika mikoani, na picha ile imewagusa watu wengi, sabuni imetembea. Mwaka ukiisha itabadilishwa. Fulana akasema kuna mama hatoki nje. Meneja akauliza kama cherehani mpya ingesaidia, ya umeme, wakamkabidhi kwa hafla ndogo. Fulana alitoka ofisini humo bila kuaga.

Alikomaa. Kila kikao alileta hoja ileile: mgonjwa asipigwe picha siku ya bandeji, aulizwe akiwa nyumbani kwake na watu wake, aonyeshwe picha yenyewe na maneno yake kabla haijachapwa. Walimchoka, mwishowe wakakubali. Makao makuu yakalipenda wazo hilo, na kampuni ikajisifu kwa hilo nalo, kwenye ukurasa mzima, pamoja na picha ya Meneja akitabasamu.

Mwaka ulipoisha malori yalipakwa upya, sasa ni miti. Fulana akaomba kazi shirika jingine, mji wa mbali, la kuchimba visima, ambalo halina hata spika moja. Akapata.

Walikutana palepale. Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye ukumbi anafunga kifuniko cha vitufe, saa ya chakula cha mchana, watu wakimruka. Akaona viatu anavyovijua. Fulana alikuwa amekonda kidogo, nywele amezisuka ndogondogo, amevaa sweta ya kijivu, amebeba boksi moja tu.

"Leo sijazidisha uzito," alisema.

Fundi alisimama, akafuta mikono kwenye kitambaa, akaifuta tena. Fulana ndiye aliyeanza. Alimweleza kwamba Jumamosi anahama, na kwamba ndani ya boksi kuna kitu cha Mama, alikipata kwa mpiga picha baada ya kumsumbua sana. Alikuwa amepanga kukituma. Kwa kuwa wamekutana, basi amfikishie.

Ilikuwa picha kwenye fremu. Picha nzima. Mama yake anacheka, mkono umenyooshwa, na mwisho wa mkono ule kuna kola ya blauzi iliyofungwa vibaya, na juu ya kola ni uso wa Fulana umelowa machozi.

Fundi aliitazama mpaka lifti ikaenda juu na kurudi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulikata simu."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma. Fundi akamwomba jambo moja: asiitume, aipeleke mwenyewe.

Ijumaa jioni Fulana akagonga mlango wa Mama Cherehani. Mama alimtazama kwa macho yake yote mawili, akamwambia aingie, mbona amekawia, chai inapoa. Fulana alipiga magoti kabla hajafika kwenye kiti. Akasema yote: kwamba zawadi haikuwa yake peke yake, kwamba Meneja alimuuliza kuhusu picha akajibu kwa niaba ya Mama, kwamba alikatazwa kuja.

"Nani alikukataza?"

Fundi, aliyekuwa ameegemea mlango, akasema ni yeye.

Mama aligeuka, akamtazama mwanawe kwa muda. "Mimi nilikaa hapa Jumapili zote nikisema mtoto huyu amenitupa. Lori lilinifedhehesha, ndiyo. Lakini lori lilipita."

Kisha akamrudia Fulana, akamshika kidevu. "Ungeniuliza, ningekubali. Kicheko ni changu, ningekupa. Ningewaambia tu waiache kola."

Akainuka, akafungua kabati, akatoa gauni. Rangi ya maziwa, kola ya duara, vifungo vidogo vilivyovikwa kitambaa kimoja kimoja. Alilikata wiki ileile aliyofunguliwa bandeji, bila kumwambia mtu, liwe la siku ya kuposwa. Lilikuwa limening'inia tangu hapo bila upindo, maana upindo hupimwa mwenye nguo amesimama.

Fulana akalivaa. Lilimpwaya kiunoni. Mama akapiga magoti na pini mdomoni, akaanza kulibana, na hakuna aliyetaja kuposa. Alipomaliza alisema nguo haina kosa, aende nayo, huko aendako kutakuwa na sherehe za watu. Picha ikatundikwa juu ya cherehani. Fundi ndiye aliyepigilia msumari, akaupinda wa kwanza, akapigilia mwingine.

Asubuhi alimsindikiza jengoni kurudisha funguo. Gari la shirika lilikuwa linamsubiri maegesho ya chini. Ukumbi ulikuwa mtupu, ni Jumamosi. Wakasimama mbele ya lifti ya kushoto.

"Nikikuomba ubaki?"

Fulana alitazama sakafu. "Mwaka jana ungeniomba, hata barua ya kuomba kazi hii nisingeiandika. Sasa nimeshawapa watu neno langu." Kisha akaongeza, "Lakini unauliza kama nitabaki, au unaniomba?"

Fundi alifungua mdomo. Alimfikiria mama yake amefunga mlango jua likiwaka, akajifikiria yeye aliyeufunga mwingine kwa nje, akaona mtu kama yeye hana haki ya kuomba. Akamkabidhi mkoba wake.

Fulana akaingia. Sweta ya kijivu alikuwa ameifunga haraka, na kifungo cha tatu kilikuwa kwenye tundu la pili. Fundi alikiona. Mkono wake ukatoka mfukoni, ukafika usawa wa kiuno, ukasimama hapo. Milango ikaanza kusogea. Alijua kuliko mtu yeyote mjini humo kwamba mkono mmoja katikati unatosha. Ikafunga.

Juu ya mlango namba haikubadilika. Alisubiri. Bado haikubadilika. Alijua maana yake: huko ndani hakuna aliyebonyeza kitufe. Fulana amesimama tu, mkoba mkononi, na kubonyeza mara moja kwa huku nje kungefungua milango yote.

Akanyoosha mkono. Kabla kidole hakijafika, namba ikabadilika, na lifti ikashuka.